Msahafu Uliobaki Siyu



Karibu kila mtu wa pwani ana mji mdogo nyuma yake. Huenda amezaliwa Mombasa, akasomea Nairobi na kuolewa Malindi, lakini akiulizwa arusini au matangani, "Nyinyi hasa ni watu wa wapi?", hutaja mahali ambapo pengine amepatia mguu mara mbili tu maishani mwake. Sisi kwa upande wa mama ni watu wa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Kwa miaka mingi jibu hilo lilitutosha. Mwaka huu halikutosha tena, kwani ilitubidi kuamua juu ya mali iliyobaki huko, na si rahisi kuamua juu ya kitu usichokijua.

Mama yetu alitangulia mbele ya haki mwaka uliopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Katika alivyoviacha palikuwa na fungu lake katika nyumba ya mawe iliyoko Siyu, nusu yake imeanguka, na sanduku la mbao ambalo yeye na mdogo wake walilipokea kwa bibi. Ndani ya sanduku mlikuwa na nguo zilizoliwa na nondo, mkufu wa fedha uliokatika, na msahafu ulioandikwa kwa mkono. Si msahafu mzima, ni juzuu kumi za mwanzo, zimejalidiwa pamoja kwa ngozi. Mama mdogo, ambaye hajapata kuhama Siyu, alitupigia simu akatueleza kwamba mnunuzi mmoja wa vitu vya kale apitaye visiwani amekwisha kuuona na ametaja bei. Bei yenyewe sitaiandika hapa. Ilitosha kulipa karo ya mwaka mzima ya mtoto wa kaka yangu, ambaye alikwisha pata nafasi ya chuo kikuu na fedha za kwendea hazikuwapo.

Nataka dada zangu mnaosoma mwelewe kwamba kaka si mtu wa tamaa. Aliuliza swali la haki kabisa: msahafu uliofungiwa sandukuni ukingoja mchwa una faida gani mbele ya elimu ya kijana aliye hai? Hakuna aliyemjibu. Mimi nilisema kwamba nitakwenda Siyu kwanza, nikauone kwa macho yangu, kisha tuzungumze.

Siyu hauendewi kwa haraka. Kutoka Lamu chombo hupita Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya kisiwa cha Manda na bara, kikaendelea hadi Mtangawanda, ambako abiria wengi wa kisiwa cha Pate hushuka. Kutoka hapo ni nchi kavu. Iko njia nyingine ya kuingia Siyu kwa mashua, kwa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko pande zote, lakini hiyo ni njia ya maji kujaa. Maji yakitoka hubaki tope na kaa, na mashua hulala ubavu. Mama mdogo aliniambia kwamba kwao mwanamke aliye karibu kujifungua huhesabiwa miezi na huhesabiwa maji pia. Wanawake wa nyumba hujua siku za bamvua na siku za maji mafu kama wajuavyo siku za wiki, kwa sababu mgonjwa wa usiku hawezi kuambiwa angoje bahari. Ninayasema haya kwa wale wanaoviona visiwa vyetu katika picha za kalenda tu, wakadhani maisha ya huko ni upepo na minazi.

Maji ya kunywa nayo yana habari yake. Visima vingi vya kisiwa hicho huingia chumvi wakati wa kiangazi, na kwa hiyo tangu zamani watu hukinga mvua katika jabia, yaani birika kubwa lililojengwa kwa mawe na chokaa likapokea maji yanayotiririka juu ya sakafu iliyosakafiwa. Jabia la ukoo wetu limepasuka.

Mkono huo wa bahari ulio mfinyu ndio uliokuwa ngome ya kwanza ya Siyu, kabla ya ngome ya mawe inayotembelewa leo na wageni. Mwaka 1606 padri wa Kireno, Gaspar de Santo Bernardino, alipita akaandika kwamba Siyu ndio mji mkubwa kuliko yote ya kisiwa hicho. Wakati huo jirani yake Shanga ulikuwa umekwisha kuwa magofu kwa karibu miaka mia mbili. Shanga uko mwendo wa saa moja hivi kwa miguu. Wachimbaji wa mambo ya kale walioongozwa na Mark Horton walifukua huko, kuanzia 1980, msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa miti na udongo, wa karne ya nane miladi. Ndugu msomaji, tafakari tarehe hiyo. Ni karne moja tu na kitu baada ya kufa Mtume, rehema na amani zimshukie, na tayari palikuwa na watu wanaoelekea kibla katika ufuo wetu. Shanga ulipohamwa, baadhi ya watu wake waliingia Siyu, na hadi hivi karibuni ulikuwapo Siyu ukoo unaojiita Washanga.

Wageni wengi wakifika siku hizi huuliza habari za Wachina, kwa kuwa ipo hadithi ya mabaharia wa China waliovunjikiwa na jahazi karibu na hapo, na jina la Shanga likafananishwa na Shanghai. Wenyeji huwajibu kwa adabu. Mimi nilichoka na swali hilo siku ya pili. Mji wenye waandishi wake, mashujaa wake na mafundi wake waulizwa tu kuhusu watu waliozama!

Habari ya vita huhadithiwa kila baraza. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitaka pwani yote imtii, na Siyu chini ya Bwana Mataka ukakataa, pamoja na Pate. Januari 1844 jeshi la Seyyid lilishuka Faza likaelekea Siyu. Liliviziwa vichakani na mikokoni, likapoteza watu wengi, na baada ya majuma kadhaa likarudi vyomboni. Siyu haukuingia mikononi mwa Zanzibar hadi mwaka 1863, zama za Seyyid Majid, na ulikuwa miongoni mwa miji ya mwisho ya pwani hii kusalimu amri. Ngome iliyo ukingoni mwa maji ni ya karne hiyo. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yameitengeneza, na kwa kweli imesimama vizuri.

Lakini vita havikutosha kuufanya mji huu utajike. Siyu ulijulikana kwa mikono ya watu wake. Marehemu James de Vere Allen, aliyesimamia jumba la makumbusho la Lamu na kuandika sana juu ya Waswahili, alionyesha jinsi mji huu ulivyokuwa kituo cha kutengeneza vitabu. Waandishi wa Siyu walinakili misahafu na vitabu vya dini kwa kalamu za tete, juu ya karatasi zilizoletwa na vyombo kutoka ng'ambo, wakapamba kurasa za mwanzo kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Mapambo yao ukiyatazama utayafahamu, kwa sababu yanafanana na nakshi za milango yetu na plasta za nyumba za kale. Mkono uliokata ua kwenye mbao na mkono ulioandika Suratul Fatiha ulikuwa na mwalimu mmoja. Pembeni ya waandishi walikaa wajalidi, na pembeni ya wajalidi wakakaa washona makubadhi na mikanda, kwa kuwa ngozi ni ngozi. Ufundi wa ngozi bado uko. Nilimwona mzee mmoja akikata makubadhi barazani mwake kwa kisu kilicholika hadi kikawa kama sindano, na kijana wake pembeni akiwa na simu mkononi, akitafuta wateja wa Mombasa kwa picha. Uandishi wa misahafu ndio uliokoma. Msahafu wa chapa ulipoanza kuja kwa bei nafuu, nani angengoja miezi apate mmoja?

Hapa sina budi kumtaja Mwana Kupona binti Mshamu. Mzaliwa wa Pate, aliolewa na huyohuyo Bwana Mataka wa Siyu. Mumewe alifariki mwaka 1856, na miaka miwili baadaye, hali yake mwenyewe ikiwa ya ugonjwa, akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa mawaidha ambao hadi leo husomwa pwani nzima. Wengi wetu tumeusikia tukiwa wari, mara nyingi kwa sababu ya yale mafunzo ya mke kwa mumewe, na kina dada wa siku hizi hubishana sana juu yake. Wabishane. Mimi hujiuliza jambo jingine: nani alimfundisha yeye kuandika? Mwanamke hakai kitandani mgonjwa akatunga zaidi ya beti mia moja zenye vina na mizani, na majina ya Mola wake yakimwagika kama maji, ikiwa hakulelewa katika nyumba ambamo wasichana husoma. Wanahistoria wamemtafuta Bwana Mataka kwa sababu alipigana. Wanawake waliomfundisha Mwana Kupona hawajatafutwa na mtu.

Nililala kwa mama mdogo siku nane. Nyumba yake si ile ya mawe iliyoanguka. Ni ya matofali ya udongo na makuti, safi, ina kisima kidogo uani. Baada ya alasiri huja wasichana saba au wanane wa mtaa, kila mmoja na kifurushi chake, wakaketi mkekani kushona kofia. Kofia ya mkono ina vipande viwili, cha juu cha duara na cha kuzunguka kichwa, na kwanza kabisa kitambaa huchorwa. Kisha kila tundu la mchoro hutobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi, tundu moja baada ya jingine, maelfu. Nilijaribu kuhesabu matundu ya kipande kimoja nikaacha. Kofia nzuri huchukua miezi, na fedha zake mara nyingi ndizo zinazonunua sare ya shule au kumtoa mgonjwa kisiwani. Waume zetu wanaozivaa Ijumaa na kubishania bei dukani wangekaa mkekani pale nusu saa tu.

Wakishona, mama mdogo huwasomesha. Hana kitabu mkononi. Msichana husoma aya alizohifadhi huku sindano ikienda, na mama mdogo humsahihisha bila ya kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Rudi nyuma, mwanangu. Hapo pana mada." Na msichana hurudi. Ndivyo alivyosomeshwa yeye na bibi yetu, na mama yetu vilevile kabla hajaolewa Mombasa.

Siku ya nne usiku alilifungua sanduku. Alikuwa na udhu. Aliuweka msahafu juu ya mto, akaufungua mwanzo, na kwa kweli nilinyamaza. Wino mweusi haujapauka. Rangi nyekundu imekuwa ya hudhurungi pembezoni, na manjano yamebaki katika maua tu. Mchwa walikwisha kula pembe ya chini, lakini hawajafika kwenye maandishi. Pembeni mwa kurasa, kwa mkono mwingine mdogo, palikuwa na alama za mwenye kusomesha: hapa simama, hapa amefika fulani. Fulani wote walikuwa ni wa kike.

Mimi husoma Qur'ani kama tulivyofunzwa sote, kwa irabu zake. Kiarabu kisicho na irabu sikusomeshwa. Kwa hiyo mistari mitano iliyo katika ukurasa wa kabla ya Fatiha, ya herufi ndogo zisizopambwa, kwangu ilikuwa ni michoro. Nilimuuliza mama mdogo ni nini. Akasema hajapata kuisoma, kwa sababu bibi aliizoea kufungulia moja kwa moja penye Fatiha. Akaleta taa karibu, akavaa miwani, akaanza kusoma herufi moja moja, kwa sauti, kama mtoto wa chuoni. Alichukua muda mrefu. Alipofika mstari wa tatu alisimama, akanitazama, akarudia mwanzo.

Maneno yalisema kwamba mwanamke fulani, binti wa fulani, ameuweka msahafu huu wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, usomwe na wanawake wa nyumba yake na wa majirani zake, usiuzwe, usitolewe zawadi, wala usirithiwe. Jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa wazawa wake ni wengi na hawakuniruhusu wote. Katika mwaka wa Hijria tarakimu ya mwisho imeliwa. Zimebaki moja, mbili na sita. Yaani uliwekwa wakfu kati ya 1844 na 1853 kwa hesabu ya miladi, ndani ya miaka kumi iliyoanza na jeshi la Seyyid kushuka Faza. Wanaume walikuwa wanalinda mikoko, na mwanamke huyu alikuwa anapanga nani atasoma baada yake.

Niliporudi Mombasa na picha za ukurasa ule katika simu yangu, tulimwendea sheikh mmoja, mimi, kaka na dada zangu wawili. Sheikh alizitazama akaomba azione kwa ukubwa, akasoma mara mbili. Kisha akatueleza jambo ambalo pengine wengi wetu tunalijua kwa ardhi na misikiti tu, hatukulifikiri kwa kitabu. Kitu kikiwekwa wakfu hutoka katika milki ya mwenyewe. Haiwi mali ya wazawa wake. Mama yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakupata kuumiliki msahafu ule, alikuwa mwangalizi wake tu, na kwa hiyo haukuingia katika mirathi hata kidogo. Na sharti la aliyeweka wakfu lina nguvu: alisema usomwe na wanawake wa nyumba yake na jirani zake, basi mahali pake ni pale wanaposoma. Kuhusu mnunuzi, alituambia pia kwamba hata pasingekuwa na wakfu, Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, na vitu kama hivi havitolewi nchini kiholela.

Kaka alinyamaza kwa muda. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Bibi huyo alituona sisi tangu zamani."

Basi karo ikabaki palepale. Naandika hivi kwa sababu katika habari nyingi za namna hii karo husahauliwa kitu kizuri kikishaokolewa, na kijana alikuwa bado anangoja. Tulikaa jioni tatu. Mwishowe tuliuza fungu la mama katika ile nyumba ya mawe, na mama mdogo akakubali kuuza lake pamoja nalo, kwa binamu yetu anayeishi hukohuko Siyu. Yeye atayatumia mawe yaliyoanguka kujengea, na ameahidi kuliziba jabia. Kijana ameingia chuo. Mimi sikufurahi. Ukuta wenye vidaka ambavyo mama alikuwa akiweka vyombo vyake alipokuwa msichana utabomolewa mwaka huu, na hakuna wakfu ulioandikwa juu yake. Dada yangu mdogo alilia. Mama mdogo hakulia, alisema tu kwamba nyumba ile imekuwa ya popo tangu yeye ana miaka arobaini.

Msahafu uko kwake. Tumekubaliana kwamba kila ukurasa utapigwa picha vizuri, na picha zipelekwe kwa wanaohifadhi mambo ya kale Lamu, ili ukija kupatwa na moto au mchwa maandishi yasipotee. Wasichana wa kofia sasa huufungua siku ya Alhamisi baada ya alasiri, mmoja baada ya mmoja, wakiwa na udhu na mikono mikavu. Mmoja wao, wa miaka kumi na mitatu, ameomba afundishwe kusoma Kiarabu kisicho na irabu, na mama mdogo amemwambia angoje mpaka yeye mwenyewe akikumbuke vizuri.

Wiki hii ameniagiza kitambaa cha bafta cha kuufungia, karafuu za kuweka sandukuni kwa ajili ya nondo, na vibunda sita vya uzi mweupe. Nitavituma kwa basi la Lamu siku ya Ijumaa, inshallah.